Kanuni ya Ng'ombe Wanaolala kwa Watu

Karani wa vikao asiketi karibu na mlango. Hilo ndilo neno la kwanza ninalowaambia ninyi mliorithi meza zetu, maana nimewaona mnapenda mlangoni, upepo unapita na ni rahisi kuchomoka kwenda kunywa chai. Keti mahali unapoona midomo ya watu wote. Diwani akianza kukasirika huacha Kiswahili akaingia Kisukuma, na akikasirika zaidi huacha Kisukuma akanyamaza. Usipouona mdomo wake wakati huo, utaandika kwamba aliafiki.

Mimi kazi hiyo niliifanya mpaka macho yakachoka. Nilianza miaka ya sitini kule upande wa Geita, mume wangu akiwa fundi mgodini na mimi mpiga chapa wa halmashauri. Baadaye halmashauri zikafutwa, nikahamia Shinyanga, nikapiga chapa barua za serikali kwa miaka mingi ambayo sina la kusimulia. Barua zilikuwa barua. Halmashauri ziliporudishwa miaka ya themanini, wakamtafuta mtu anayekumbuka kikao cha madiwani kinavyoendeshwa, wakanikuta mimi. Wapo watu wazima mjini hapa ambao hadi leo wananiita Mama Doto wa Mihtasari, na sikatai.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Luhende, karani mkuu wa kule Geita, Msumbwa mwembamba aliyevaa tai hata siku za joto kali. Alinipokea nikiwa msichana mwenye mwandiko mzuri na maneno mengi. Mwandiko aliusifu. Kuhusu maneno aliniambia kwamba karani ana masikio mawili na kalamu moja, na mdomo auache nyumbani aukute jioni. Alilirudia hilo kila aliponipa stensili mpya.

Stensili hamuijui ninyi, mnaofuta kosa kwa kidole kimoja. Ilikuwa karatasi ya nta. Unaondoa utepe kwenye mashine ya chapa, herufi inagonga nta yenyewe, kisha karatasi hiyo inavishwa kwenye mashine ya kurudufu, unazungusha mkono mpaka bega linalia. Ukikosea unapaka dawa nyekundu iliyonuka kama rangi ya kucha, unapuliza ikauke, unagonga tena juu yake. Ukikosea mara tatu mahali pamoja, pana tundu. Kwa hiyo tulijifunza kufikiri kabla ya kugonga, na sisemi hivyo kuwasuta, nasema hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Sasa siku moja kule Geita kamati ilikuwa inatoa leseni za pombe. Mama mmoja mpika pombe alikuwa amemletea diwani wake jogoo asubuhi ile, na yule bwana, kwa kuwa alitoka mbali na hakuwa na mahali pa kumweka, alimfunga kamba chini ya kiti chake. Ombi la yule mama lilipofika, diwani akasimama kulitetea, na katikati ya hotuba jogoo akawika. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akaahirisha kidogo. Mimi kwa ujana wangu nikaandika yote: kwamba wakati Ndugu diwani akiunga mkono ombi, jogoo wa mwombaji aliwika chini ya kiti chake.

Mzee Luhende alisoma, akavua miwani afute machozi ya kicheko, kisha akaniambia nipige stensili upya bila jogoo. Nikamuuliza kama nimeandika uongo.

"Ni kweli tupu," akasema. "Lakini hakuna kanuni inayomtaja huyo jogoo. Ukiandika jambo lisilo na kanuni, binti yangu, umeandika umbea."

Nilikasirika. Nilipiga upya nikiwa nimekasirika, na hasira ile nilitembea nayo kwa miaka mingi. Nilijiapiza kwamba nikijaliwa kuona kanuni kama hizo zinatungwa, nitakuwa chumbani.

Nilijaliwa. Halmashauri yetu mpya ya Shinyanga ilipoanza, liliteremshwa agizo kwamba tutunge kanuni za mwenendo wa madiwani. Shauri lilikuwa moja tu kwa kweli: diwani mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa atamke maslahi yake, atoke nje, wengine waamue. Mwenyekiti alinipa mimi kazi ya kuandaa rasimu pamoja na fomu ya kutamka mali, kwa kuwa nilikuwa na kumbukumbu ya fomu za zamani.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa Kisukuma hakupaswa kulifanya. Niliandika kwenye fomu: "Taja mifugo iliyopo nyumbani kwako." Nikapiga chapa, nikarudufu, nikagawa, nikajipongeza.

Fomu zikarudi. Ya Ndugu Mabula ilisema ana ng'ombe wanne, mbuzi sita na punda mmoja mkaidi. Huyu Mabula alikuwa diwani wa upande wa njia ya Kishapu na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu mkubwa wa mwili, mkarimu, anayejua majina ya watoto wa kila mtu. Hakuna aliyejua idadi ya ng'ombe wake, lakini hakuna aliyefikiri ni wanne. Na fomu yake haikuwa na uongo hata chembe. Nyumbani kwake walikuwepo wanne.

Kwa wale mliozaliwa mjini, niwaeleze. Msukuma mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote katika zizi moja. Ugonjwa ukiingia utawamaliza, wezi wakija watawabeba wote, na jicho la jirani nalo lina uzito wake. Kwa hiyo huwabilisa, yaani huwakabidhi kwa marafiki na watu anaowaamini, wanne hapa, saba kule. Anayewatunza anakunywa maziwa na kuchukua samadi, na baada ya miaka mwenye mali humpa mtamba wa shukrani. Ni utaratibu mzuri, umewalisha maskini wengi, nami ni mmoja wao. Ila una adabu yake: hesabu ya ng'ombe hao hukaa moyoni mwa mwenyewe, wala humuulizi. Kuna wanawake waliofiwa na waume ndipo wakajua.

Mimi nimekua kwa maziwa ya ng'ombe wa kubilisa. Na bado nilipokaa mbele ya mashine nikaandika "nyumbani kwako", kwa sababu fomu ya zamani ilisema hivyo. Mtu anaweza kukaa ofisini mpaka akasahau zizi alikotoka.

Aliyeliona kosa alikuwa Mama Kwangu, diwani wa upande wa Samuye, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, aliyefundisha kisomo cha watu wazima miaka mingi. Watu wenye sauti ndogo msiwadharau katika vikao, maana wanalazimisha wengine kunyamaza ili wasikike.

Kikao cha kwanza kilianza kwa furaha, kwa sababu walianza na zawadi. Mmoja alisema mkono mtupu haulambwi, na kwamba diwani anayekataa kuku wa mwananchi amemtukana mwananchi. Mwingine akauliza kama maziwa mtindi ni zawadi au ni maji ya kunywa. Walibishana asubuhi nzima, na mwisho wakafikia jambo ambalo mpaka leo naliona la busara: kinacholiwa palepale ni ukarimu, lakini kinachofungwa kamba kwenda nacho nyumbani kitatamkwa. Niliandika hilo kwa mkono imara, nikamkumbuka Mzee Luhende, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki.

Kisha Mama Kwangu akasimama. Akasema fomu imeuliza mifugo iliyopo nyumbani, na haikuuliza mifugo iliyopo kwa watu. Akapendekeza tuongeze maneno: ng'ombe wako popote wanapolala.

Nilitazama midomo. Wanaume wazima waliangalia madirisha.

Mjue jambo lililokuwa nyuma ya maneno hayo. Mwaka ule mvua zilikuwa haba, na mkoa ulikuwa umetuahidi katapila moja lichimbe lambo moja tu kabla ya masika. Vijiji viwili vilikuwa vinashindania: kimoja upande wa Samuye, kingine upande wa njia ya Kishapu. Pande zote mbili wanawake walikuwa wanafukua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji. Lambo ni uhai, si jambo la heshima. Na minong'ono ilikuwa imezagaa kwamba Ndugu Mabula analivuta lambo kwenda Kishapu kwa sababu ng'ombe wake wamejaa kule katika mazizi ya watu.

Mabula alisimama taratibu. Hakukasirika, au hakuonyesha. Alisema kwa Kiswahili safi kwamba masharti ya uongozi tuliyoishi nayo tangu Azimio hayakumsumbua mtu kwa ng'ombe, kwamba kuulizana mahali ng'ombe wanapolala si mila, na kwamba kila diwani hapa ana shemeji kila kijiji, hivyo wenye maslahi wote wakitoka yatabaki mabenchi. Watu wakacheka. Kisha akamgeukia Mama Kwangu.

"Dada yangu, unatunga kanuni ya kesi isiyopo. Nani humu ndani amebilisa ng'ombe njia ya Kishapu? Mtaje, nami nitakuunga mkono."

Mama Kwangu hakuweza kumtaja mtu. Alikuwa na minong'ono tu, na mwenyekiti akamwambia kwa haki kabisa kwamba minong'ono haiingii katika muhtasari. Shauri likaahirishwa kwa majuma mawili.

Jumapili iliyofuata nilipanda lori la pamba kwenda kumwona mama yangu. Mama alikuwa anaishi kwa kaka yangu mkubwa, Shija, karibu kabisa na pale palipokusudiwa lambo la upande wa Kishapu. Alikuwa amebaki na meno mawili, na chakula chake kilikuwa maziwa. Maziwa hayo yalitoka kwa ng'ombe wanne wekundu waliokuwa zizini kwa kaka, na ng'ombe hao walikuwa wa Ndugu Mabula.

Nilikuwa nalijua hilo siku zote. Sitawadanganya kwamba niligundua siku ile. Nilichogundua siku ile ni jinsi kaka alivyofurahi. Alinipeleka mpaka bondeni, akanionyesha kwa fimbo tuta litakapopita, akasema Mheshimiwa amewahakikishia. Nikamuuliza kwa nini ana uhakika. Akanishangaa, akasema ng'ombe wa Mheshimiwa wako kwake, wako kwa jirani wa kulia, wako kwa jirani wa kushoto, sasa awapeleke wapi kunywa. Alisema bila hila yoyote. Kwake lilikuwa jambo la kawaida, kama kusema mtu hujenga jiko karibu na kuni.

Nilikunywa maziwa yale pamoja na mama. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kaka kinachokuja, kwamba huenda nikalazimika kusema. Sikumwambia. Niliogopa angenisihi nami ningekubali. Nimefanya makosa mengi kazini na karibu yote ninayacheka, lakini hilo silicheki. Mtu ukiamua jambo litakalomgusa ndugu yako, mtangulie kumwambia, hata kama atakulilia.

Majuma mawili yakaisha. Ajenda ya kwanza ilikuwa kanuni, ya pili ilikuwa lambo, na kwa hiyo kila mtu alijua kwamba ya kwanza ndiyo mlango wa ya pili. Mama Kwangu akalirudisha pendekezo lake. Ndugu Mabula akalirudisha swali lake, neno kwa neno: nani humu ndani?

Madiwani wakaangalia tena madirisha.

Karani hana sauti katika kikao, hilo mlishike. Si mjumbe, haombwi maoni, hata akijua kwamba mjumbe anasema uongo anaandika tu kilichosemwa. Lakini kuna mlango mmoja mdogo: karani anaweza kuomba ruhusa ya mwenyekiti kwa jambo la kumbukumbu, pale muhtasari wenyewe unapokuwa hatarini kuharibika. Katika miaka yangu yote nilikuwa nimeutumia kuuliza majina na tarehe tu.

Niliweka kalamu mezani.

"Ndugu Mwenyekiti, kwa jambo la kumbukumbu. Kaka yangu anaishi njia ya Kishapu. Ana ng'ombe wanne wa Ndugu Mabula aliowabilisa kwake, na mama yangu anaishi kwa maziwa yao. Mimi nina maslahi. Siwezi kuandika muhtasari wa jambo hili. Naomba mwingine ashike kalamu."

Mwenyekiti alinitazama, mtu mwema yule, hakuwahi kukutana na jambo hili katika kitabu chochote. Akauliza kama kanuni inayojadiliwa inamhusu karani. Nikamjibu kwamba bado haijapita, hivyo haimhusu mtu yeyote, lakini mimi nimeanza. Kisha nikatoka. Kalamu ikachukuliwa na Bwana Afya wa wilaya, ambaye mwandiko wake ulikuwa unaogopwa na zahanati zote.

Nje kulikuwa na benchi lililoegemea ukuta, upande wenye kivuli. Nikakaa. Nilijisikia mchafu na msafi kwa pamoja, sijui kama mmewahi kujisikia hivyo. Nilifikiri juu ya mama na kikombe chake cha bati.

Baada ya muda nikasikia mikono ikipigwa kwenye meza. Kanuni ilikuwa imepita, maana kesi isiyokuwepo ilikuwa sasa ipo na imetoka nje kukaa benchi. Mlango ukafunguliwa, akatoka Ndugu Mabula na kofia mkononi.

"Shikamoo baba," nikasema.

Hakuniitikia. Kwa mtu kama yeye, aliyeitikia marahaba hata kwa watoto wa barabarani, hilo lilikuwa kofi. Akakaa mwisho wa pili wa benchi, akaangalia njia.

Mlango ukafunguliwa tena. Safari hii kulikuwa na kicheko ndani, na aliyetoka alikuwa Mama Kwangu. Alikuwa amemwambia mwenyekiti kwamba kanuni ni ya kwake, na yeye anateka maji Samuye, kwa hiyo nyani asipoliona kundule leo ataliona lini. Akaja akaketi katikati yetu, kwa kuwa ndipo palipobaki nafasi.

Tulikaa hivyo watatu, mwenye ng'ombe, mwenye kanuni na mwenye kalamu, tukisubiri watu wengine watuamulie. Mama Kwangu akafungua kitambaa chake, akatoa michembe iliyochemshwa, viazi vyetu vile vikavu, akanipa mimi, kisha akampelekea Mabula. Nilidhani atakataa. Akachukua kipande.

"Hiki kinaliwa palepale," Mama Kwangu akasema. "Si cha kutamka."

Mabula hakucheka, ila alitafuna. Kisha akasema bila kugeuka, kwa Kisukuma, na mimi nawaandikia kwa Kiswahili isipokuwa neno mayu, yaani mama: "Mayu, umenihesabia ng'ombe mbele za watu."

"Nimewahesabu walio kwa kaka yangu tu, baba. Wengine siwajui na sitawauliza."

"Nimewatunza ninyi kwa ng'ombe wale. Niliiba?"

"Hukuiba. Ulitusaidia, na mama yangu anakuombea kila siku. Lakini hupaswi kupiga kura juu ya maji watakayokunywa."

Ndani nikasikia Bwana Afya akikohoa. Mama Kwangu alikunja kitambaa chake kidogo kidogo. Nilitaka kusema zaidi, nimtetee kaka, niombe, na nikajizuia kwa nguvu zote. Ningeomba pale, ningekuwa nimetoka nje bure.

Tulipoitwa ndani, uamuzi ulikuwa umefikiwa. Lambo litachimbwa njia ya Kishapu.

Najua mlitegemea Samuye. Hata mimi nilitegemea. Lakini waliobaki ndani walisoma ripoti ya mtaalamu wa maji, ambayo siku zote zile za minong'ono hakuna aliyeisoma vizuri, ikasema udongo wa Samuye ni wa kichanga, utavuja, na wa Kishapu ni mweusi wa mbuga, utashika. Watu wasio na ng'ombe upande wowote waliamua ndani ya muda mfupi. Muhtasari wa Bwana Afya ulikuwa na mistari minne, na ilinichukua siku nzima kuisoma.

Baadhi ya wafanyakazi wenzangu walinicheka waziwazi. Walisema nimejiumbua bure, lambo limekwenda kulekule alikotaka Mabula, sasa nimepata nini. Nikawajibu kwamba sikutoka nje ili Samuye washinde. Mama Kwangu aliyeshindwa kwa kanuni yake mwenyewe hakunicheka. Alisema tu kwamba sasa anaweza kwenda kuwaambia watu wake sababu, na sababu hiyo ataisema bila kumtaja mtu.

Kabla ya mwezi kwisha Ndugu Mabula alikwenda mwenyewe kwa kaka yangu akawachukua ng'ombe wake wanne. Alikuwa ameshinda lambo, lakini alikuwa amehesabiwa, na hilo hakulisamehe. Hakuacha mtamba wa shukrani. Kwetu mtu akinyang'anywa ng'ombe wa kubilisa bila mtamba, majirani wanajua moja kati ya mawili: alikuwa mtunzaji mbaya, au aliwaficha ndama. Kaka yangu hakuwahi kuficha ndama hata mmoja. Alibeba aibu ambayo ilikuwa yangu.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza akiwa amesimama katika zizi tupu, kisha akasema, "Lambo litakuja, ng'ombe wamekwenda. Ungenyamaza tungekuwa na vyote viwili." Nikamwambia tungekuwa na vyote viwili na jina la wezi. Akaniambia jina haliliwi. Mama nikamchukua, akaja kuishi kwangu mjini, maziwa nikamtafutia kwa mama mmoja wa Ibadakuli aliyefuga. Kaka hakunisemesha tena isipokuwa salamu za misibani. Misimu miwili ya mvua ilipita hivyo, na mtu asiwaambie kwamba msimamo hauumi. Unauma, na unaamka nao kesho yake ukaenda nao kazini.

Nami nilikwenda kazini. Nilipiga chapa fomu mpya yenye maneno ya Mama Kwangu, na kila mwaka niliwafuata madiwani mmoja mmoja mpaka waijaze. Wengine walinikimbia sokoni. Mmoja alinitumia salamu kwamba amefariki, nikamkuta anakunywa kahawa. Fomu ya Ndugu Mabula ilikuwa inakuja bila kuchelewa, kurasa tatu, majina ya kaya zote, kwa mwandiko wa hasira. Sikuwahi kuwa na sababu ya kumkumbusha.

Vijana, mtasikia watu wakisema kanuni za maadili ni karatasi. Ni karatasi kweli, nimezirudufu kwa mkono huu. Ila siku moja niliona kwa macho yangu karatasi ile imefanya nini.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali. Lambo la njia ya Kishapu lilikuwa limebaki na maji, na hakuna pengine palipobaki nayo. Watu wa Samuye wakaja na ng'ombe wao, safari ya siku nzima, Mama Kwangu akiwa mbele yao amefunga khanga kichwani. Vijana wa kijiji wakasimama juu ya tuta na fimbo. Mimi nilikuwa nimetumwa na halmashauri kuandika taarifa ya ukame, na niliona fimbo zile nikaogopa, maana nilijua ng'ombe mwenye kiu hasimami kusubiri baraza.

Wazee wakaitana palepale juu ya tuta. Wakabishana. Mmoja akasema kila kijiji kinywe cha kwake. Ndipo kaka yangu Shija akasimama. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kumtetea pale, na kila mtu alijua kwa nini.

"Lambo hili mimi nimelilipia kuliko yeyote hapa," akasema. "Na najua lilivyopatikana. Halikuibwa kwa watu wa Samuye. Kitu kisichoibwa hakilindwi kwa fimbo. Shukeni, waacheni wanywe."

Palikuwa na mnong'ono, kisha kijana wa kwanza akashuka, na wengine nyuma yake. Ng'ombe wa Samuye wakateremka kwa vumbi kubwa mpaka majini, wa mwisho wakiwasukuma wa mbele. Mama Kwangu alipiga goti mbele ya kaka yangu, akamshukuru kwa Kisukuma: wabeja, wabeja sana.

Mimi nilikuwa nalia, na sikujali nani ananiona. Kaka akaja taratibu akasimama karibu nami, tukiangalia ng'ombe wa watu wakinywa. Kisha akaniuliza mama analalaje siku hizi, na kama bado analalamika baridi ya mjini.

Nikamwambia aje amwone mwenyewe. Akaja Jumapili iliyofuata.